Karama ya kuhudumu ipo, mama, ila jiko la kanisa si lako peke yako

Swali la msomaji: "Shikamoo mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Morogoro. Kanisani kwetu nipo kwenye usafi, kamati ya chakula na mapokezi ya wageni, na msiba ukitokea mimi ndiye wa kwanza kupigiwa simu. Juzijuzi tulikuwa na semina ya karama za Roho. Tulijaza dodoso refu, na mimi nikatoka na 'huduma na masaidiano'. Wenzangu walipata unabii, uponyaji, miujiza. Nilipouliza, mwalimu wa semina akasema kuhudumu si karama hasa, ni wajibu wa kila Mkristo, nizidi kufunga na kuomba nipate karama zilizo kuu. Je, ni kweli? Na kama kuhudumu ni karama, mbona nimechoka hivi? Mara nyingine natoa hela ya mkaa mfukoni mwangu, na mume wangu ameanza kunung'unika."

Marahaba, mama. Amani iwe kwako na nyumbani kwako.

Umeuliza mawili, na naona la pili ndilo linalokuuma. La kwanza nitalijibu bila kuzunguka: ndiyo, kuhudumu ni karama ya Roho Mtakatifu, imetajwa waziwazi katika Agano Jipya, na hakuna dodoso wala mwalimu wa kuiondoa humo. La uchovu linataka maneno mengi zaidi, maana sidhani kinachokuchosha ni karama yako.

Fungua Warumi 12. Paulo anasema tuna karama zilizo mbalimbali, kisha anaanza kuzitaja: "ikiwa unabii, tutoe unabii kwa kadiri ya imani, ikiwa huduma, tuwemo katika huduma yetu, mwenye kufundisha, katika kufundisha kwake." Huduma imefuata unabii papo hapo, na walimu wote, pamoja na huyo wa semina yenu, wamekuja nyuma yake. Sidai kwamba Paulo alikuwa akipanga vyeo. Ila hakuitaja kwa kujikumbusha mwishoni, kama tufanyavyo kwenye shukrani za harusi tunapofika kwa wapishi na watu wameshaanza kuondoka. Katika 1 Wakorintho 12:28 ameweka "masaidiano" katikati ya karama za kuponya wagonjwa na maongozi. Petro naye, katika waraka wake wa kwanza sura ya 4, anazikusanya karama zote katika mafungu mawili tu, kusema na kuhudumu: "mtu akihudumu, na ahudumu kwa nguvu anazojaliwa na Mungu." Hizo nguvu tunazojaliwa nitazirudia.

Sasa hoja ya wajibu. Mwalimu wako amesema kweli kwamba kila Mkristo anapaswa kuhudumu. Wagalatia 5:13 inatuagiza tutumikiane kwa upendo, wala haikumwacha mtu nje. Lakini tazama orodha zenyewe. Imani ni wajibu wa kila Mkristo, na bado 1 Wakorintho 12:9 inaitaja kuwa karama. Kutoa ni wajibu wa wote, na Warumi 12:8 inataja mwenye kukirimu. Kurehemu ni wajibu wa wote, na aya hiyohiyo inataja mwenye kurehemu. Tukisema wajibu unafuta karama, tutafuta nusu ya orodha na kubaki na zile zinazopigiwa makofi tu. Wote tumeagizwa, na wachache wamepewa uwezo wa ziada katika jambo hilo hilo ili wawavute na wengine. Mwenye karama ya imani haamini kwa niaba yetu. Imani yake inatuamsha tuamini. Mwenye karama ya kuhudumu vivyo hivyo: kazi yake ni kuliamsha kanisa lihudumu. Akihudumu yeye huku kanisa zima limekaa kwenye viti likisubiri sahani, kuna kitu kimeharibika, na hakijaharibikia kwake.

Kuhusu hizo "karama zilizo kuu", ni kweli maneno hayo yamo mwishoni mwa 1 Wakorintho 12. Lakini msomaji anayeishia hapo anasahau walioandikiwa. Kanisa la Korintho lilikuwa na lugha, lina unabii, halikupungukiwa na karama yoyote; Paulo mwenyewe anakiri hivyo katika sura ya 1. Na kanisa hilo hilo, sura ya 11, lilikuwa limeshindwa kugawana chakula: "huyu ana njaa, na huyu amelewa." Watu walikuwa wakinena kwa lugha na wenzao wana njaa kwenye meza ileile. Ndipo akawaandikia habari za viungo vinavyodhaniwa kuwa vinyonge kwamba ni vya lazima zaidi, na baada ya kuwaambia watake sana karama kuu akawapeleka moja kwa moja kwenye sura ya upendo. Kisha mwishoni kabisa mwa waraka, mahali ambapo wengi wetu huwa tumeshafunga Biblia, anaitaja nyumba ya Stefana, watu waliojitia katika kazi ya kuwahudumu watakatifu, na kuwaambia Wakorintho: "watiini watu kama hawa." Nimesikiliza semina nyingi za karama katika maisha yangu ya uchungaji, na aya hiyo, 1 Wakorintho 16:16, sikumbuki kuisikia ikisomwa.

Wapo watakaokuambia kwamba sufuria, ufagio na viti vya plastiki ni mambo ya mwilini. Wape Kutoka 31. Bezaleli mwana wa Uri alikuwa fundi wa dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao, na Bwana anamwambia Musa kwamba amemjaza roho ya Mungu katika hekima, maarifa na ujuzi wa kazi. Amejazwa Roho ili achonge. Na kabla yake, sura ya 28, walioshona mavazi ya Haruni nao wanaelezwa kuwa walijazwa roho ya hekima. Dorkasi wa Yafa, katika Matendo 9, hatuna neno lake hata moja lililoandikwa. Tunachojua ni kwamba alipokufa, wajane walisimama karibu na Petro wakilia na kumwonyesha kanzu na nguo alizowashonea, na Mungu akamrudisha. Wenzetu Wasabato wamelipa jina lake kundi la akina mama wanaovisha na kulisha wahitaji, na sijui jina ambalo lingefaa zaidi.

Kanisa la mwanzo lilijua thamani ya watu hawa kiasi cha kuwahesabu. Mwaka 251 Kornelio, askofu wa Roma, aliandika barua akieleza hali ya kanisa lake: wazee 46, mashemasi 7, mashemasi wadogo 7, waakoliti (wasaidizi wa ibada) 42, wapunga pepo na wasomaji na mabawabu jumla 52, na wajane na wahitaji zaidi ya 1,500 waliokuwa wakitunzwa. Hebu fikiri mwenyewe, wewe uliyepika misibani: watu 1,500 wa kulishwa, katika mji ambao Wakristo walikuwa wakiteswa. Kuna watu walibeba, walipika, walipima, walipeleka. Na bawabu wa mlangoni amehesabiwa katika barua ya askofu. Karne moja baadaye kaisari Juliani, aliyetaka kuirudisha dini ya miungu ya Kirumi, alimwandikia kuhani wake mkuu wa Galatia akilalamika kwamba ni aibu Wakristo wanawalisha maskini wao na maskini wa wapagani pia. Hakulalamikia mahubiri. Kilichomkosesha usingizi ni jiko.

Na usidhani hayo ni ya Roma tu. Sisi Walutheri wa Tanzania tuna neno udiakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wahitaji, na limekuja na historia. Mwaka 1836 mchungaji Theodor Fliedner na mkewe Friederike walianzisha nyumba ya mashemasi wanawake huko Kaiserswerth, Ujerumani, wanawake waliofunzwa kuuguza wagonjwa na kutunza maskini kama kazi ya kanisa. Florence Nightingale, ambaye kila muuguzi amemsoma darasani, alipata mafunzo hapo mwaka 1851. Moyo wa namna hiyo ulifika mpaka milima ya Usambara. Lutindi ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliookolewa utumwani, na baadaye ikawa mahali pa kutunza wagonjwa wa akili, kazi inayoendelea hadi leo. Mikutano ya kutoa pepo ina spika kubwa na matangazo mpaka sokoni. Mtu anayemwogesha mgonjwa wa akili leo, kesho na keshokutwa hana spika. Kama hiyo si kazi ya Roho, basi mimi sijui Roho anafanya kazi gani.

Nirudi kwenye dodoso lenu, maana hapo nina wasiwasi wa upande mwingine. Madodoso ya namna hii yalianza kuenea kutoka Marekani miaka ya 1970. Mtu anajibu maswali kuhusu anachopenda na alichozoea kufanya, alama zinajumlishwa, karama inatoka. Kama njia ya kuanzisha mazungumzo, hayana ubaya. Lakini dodoso linapima ulichopewa nafasi ya kufanya. Mwanamke aliyeshikishwa mwiko tangu akiwa darasa la tano, akiulizwa kama huwa anasaidia jikoni, atajibu nini? Atapata alama za huduma hata kama Mungu amemjalia kufundisha. Na kijana wa kiume ambaye hajawahi kuombwa hata kubeba kiti hatapata alama hizo, ingawa pengine ndiye Bezaleli wenu. Kwa hiyo mama, mimi siwezi kukuambia kutoka huku niliko kwamba una karama hii. Naweza kukuambia inavyojulikana.

Mwenye karama ya kuhudumu huona upungufu kabla hajaambiwa. Anaingia ukumbini na jicho lake linaenda kwa bibi aliyekaa juani, kwa mgeni ambaye hajapewa maji, kwa bomba linalovuja. Wengine wanaona baada ya kuonyeshwa, na wengine hata wakionyeshwa hawaoni. Tena anahudumu popote, hata ambako kanisa halimwoni: kwenye daladala, kazini, kwa jirani Mwislamu aliyefiwa. Kama moyo wako wa kusaidia unawaka kanisani tu mbele ya mchungaji, chunguza. Na tatu, ambalo ndilo ninaloliamini kuliko yote, watu unaowahudumia wanabaki wamesogezwa kwa Mungu kidogo. Onesiforo alimtafuta Paulo Roma mpaka akampata akiwa amefungwa, na Paulo anaandika kwamba "mara nyingi aliniburudisha, wala hakuuonea haya mnyororo wangu." Mfungwa aliyeburudishwa ndiye shahidi wa karama ya Onesiforo, wala hakuwa na cheti cha semina. Ukitaka kujua yako, waulize wafiwa wawili watatu uliokaa nao.

Furaha nayo ni dalili, ila usiipime siku ya tatu ya msiba wakati miguu imevimba. Ipime wiki moja baadaye.

Sasa uchovu. Hapa nataka tukae, maana Matendo ya Mitume sura ya 6 imeandikwa kwa ajili ya makanisa kama lenu, na husomwa vibaya.

Kanisa la Yerusalemu linakua. Wajane wa Kiyunani wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, na manung'uniko yanatokea. Mitume wanasema haipendezi waliache neno la Mungu na kuhudumu mezani. Wahubiri wengi wanaishia hapo na kuhitimisha kwamba meza ni kazi ndogo. Endelea kusoma. Kwa hiyo kazi ndogo mitume wanataka watu walioshuhudiwa kuwa wema, waliojawa na Roho na hekima. Wanataka saba. Kanisa linawachagua na kuwaweka mbele ya mitume, nao wanaomba na kuweka mikono juu yao. Niambie ni kamati gani ya chakula mkoani kwako iliyowahi kuwekewa mikono! Sisi tunamwekea mikono mwinjilisti na tunampigia simu mpishi saa nne usiku.

Wale saba, nao, ni wanaume: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao wa Antiokia. Mara ya kwanza kanisa linapanga utaratibu wa kugawa chakula, linawakabidhi wanaume saba. Sijui ilikuwaje sisi tukafika mahali ambapo mwanamume akishika sufuria kanisani watu wanacheka. Najua utaniambia ni mila. Sawa, lakini isihubiriwe kwamba ni Biblia. Tena majina yote saba ni ya Kiyunani, maana yake upande uliokuwa ukilalamika ndio uliokabidhiwa usimamizi. Mitume hawakuwakemea wanung'unikaji kwamba wana roho ya uasi. Walisikia malalamiko, wakakubali kuna tatizo la utaratibu, wakagawa kazi. Na tunda lake, aya ya 7: neno la Mungu likaenea, hesabu ya wanafunzi ikazidi, hata makuhani wengi wakaitii imani.

Kanisa lako limefanya kinyume. Limeona mtu mmoja mwenye moyo wa kuhudumu, likamtwika kazi ya watu saba. Petro alisema uhudumu kwa nguvu unazojaliwa na Mungu. Hakusema uhudumu kwa nguvu za watu sita wengine wasiotaka kuamka. Unapozimaliza zako na kuanza kuhudumia kwa aibu ya kukataa, kwa kuogopa utasemwaje, kwa mazoea, huko umeshatoka nje ya karama na kuingia kwenye utumwa wa watu. Uchovu wa namna hiyo hauponi kwa kulala usiku mmoja.

Musa mwenyewe aliambiwa. Mkwewe Yethro alimtazama akiamua kesi tangu asubuhi hata jioni, akamwambia: "Jambo hilo ufanyalo si jema. Hakika utadhoofika wewe, na watu hawa walio pamoja nawe pia." Ona Yethro anaongeza watu. Anayehudumu peke yake anawadhoofisha na anaowahudumia, kwa sababu wanasubiri foleni na hawajifunzi kazi. Na kwa Walawi sheria iliweka mpaka wa umri: Hesabu 8 inasema waanze utumishi wakiwa na miaka 25, na wakifika 50 waache kazi ile nzito, wabaki wakiwasaidia ndugu zao katika ulinzi. Hata hema ya Bwana ilikuwa na kustaafu. Jiko la kanisa lenu lina umri gani wa kustaafu?

Nina neno moja la kukuambia wewe pia, mama, na ulipokee kwa upole. Karama hii ina ugonjwa wake. Mwenye nayo huanza kwa kupenda watu na taratibu huishia kupenda jiko. Anayekuja kusaidia anaambiwa hajui kukata vitunguu. Funguo za stoo zinakaa kwa mtu mmoja. Moyoni linaanza daftari la nani alikuja na nani hakuja. Martha alifika hapo: "mwambie basi anisaidie." Bwana alipomjibu hakumwambia aache kupika. Alimwambia kwamba anasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi. Martha alilichukua neno hilo vizuri kuliko wahubiri wanaomsema kila mwaka. Katika Yohana 11 ndiye aliyekiri, "wewe ndiwe Kristo, Mwana wa Mungu," kukiri kunakolingana na kule kwa Petro. Na Yohana 12, siku 6 kabla ya Pasaka, karamu Bethania: "naye Martha akatumikia." Kazi ileile, safari hii hakuna lalamiko lililoandikwa wala karipio.

Basi ufanye nini? Kwanza andika kwenye karatasi kila unachofanya kwa mwezi: usafi, semina, wageni, misiba, na ambavyo watu hawavioni, kama kuosha vitambaa na kufuatilia viti vya kukodi. Usimwendee mchungaji na machozi. Mwendee na karatasi hiyo, na ikiwezekana mume wako awe pamoja nawe. Machozi yatafarijiwa na wewe utarudi jikoni. Karatasi itabidi ijibiwe. Pendekeza kila jumuiya iwe na zamu yake, wanaume na vijana wakiwemo, na wewe uwe mwalimu wa zamu kwa muda fulani unaojulikana. Wewe mwenyewe uchague kimoja au viwili unavyovipenda hata ukiwa umechoka. Kwa maelezo yako nahisi kwako ni kukaa na wafiwa, lakini wewe ndiye unayejua. Vingine vipe wengine, hata kama mwanzoni wali utaungua. Utaungua mara moja, mara mbili, kisha watajifunza.

Tafuta watu wawili uwafundishe kwa makusudi, mmoja akiwa kijana wa kiume. Na uchukue miezi michache bila jiko kabisa. Kaa ibadani kuanzia wimbo wa kwanza mpaka baraka, kitu ambacho nadhani hujafanya siku nyingi. Katika miezi hiyo jaribu jambo lingine: fundisha watoto wa shule ya Jumapili, au ongoza somo kwenye jumuiya. Kwa njia hiyo utajua kama dodoso lilisema kweli au lilikuwa likirudia tu ulivyozoezwa. Kama hamu ya kuhudumu itarudi yenyewe, ikiwa na nguvu, umepata jibu lako.

Unauliza kama uombe karama nyingine. Omba, hakuna anayekukataza; 1 Wakorintho 14 inatutia moyo tuzitamani karama za rohoni. Ila usiombe kwa sababu umeionea haya uliyo nayo. Filipo aliwekwa mezani, kisha tunamkuta akihubiri Samaria na kumbatiza Mwethiopia barabarani kuelekea Gaza. Miaka mingi baadaye, Paulo anapofika nyumbani kwake Kaisaria, Luka anamtambulisha kuwa mhubiri wa Injili, "aliyekuwa mmoja wa wale saba." Alikuwa na mabinti wanne waliotabiri, na bado watu walimkumbuka kwa ile meza.

Mumeo asiwe adui katika habari hii. Wayahudi wa Kiyunani kule Yerusalemu nao walinung'unika kwa ajili ya wajane wao, na manung'uniko yao yalilisaidia kanisa kuliko ukimya ambao ungekuwepo. Anaona unachoka na anaona hela inatoka. Msikilize, na mkubaliane ninyi wawili siku zipi ni za nyumbani hata simu ikiita.

Na hiyo hela ya mkaa, andika kiasi na tarehe, umpelekee mhazini. Ukitaka kutoa sadaka, toa sadaka, ipitie kwenye bahasha kama za wengine na uandikiwe stakabadhi. Mkaa wa semina ni gharama ya semina, na aliyepanga semina alijua watu watakula.